Baba alikuwa karani wa mizani Newala, mwandiko ukaanza kusinyaa. Tuzungumze vimeng'enya vinavyoua seli za ubongo

#1 Mwana_wa_Karani

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka auweke akiba aje kuusoma usiku.

Baba yangu ana miaka 71. Kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa karani wa chama cha msingi huku Newala, ndiye aliyeandika kilo za kila mkulima msimu wa korosho. Mwandiko wake ulisomeka hata na mtu aliyeishia darasa la pili. Misimu mitatu iliyopita herufi zikaanza kusinyaa. Mwanzo wa mstari zinakuwa kubwa, zikifika mwisho wa mstari zimekuwa punje za ulezi. Wakulima wakalalamika kwamba 86 inasomeka 36. Tukadhani ni macho, tukamnunulia miwani. Kisha mkono wa kulia ukaanza kutetemeka, na cha ajabu ulitetemeka akiwa ameketi barazani hana kazi. Akishika kikombe unatulia. Baadaye akawa anaburuta mguu, na uso ukakaza kama mtu aliyenuna, hata wajukuu wakimchezea hatabasamu.

Yaliyofuata mnayajua. Jirani akasema hizo ni kilo za watu, kuna mkulima kamfanyizia. Kituo kimoja cha afya wakampa dawa za presha, tukazitumia miezi minne na mkono haukuacha. Halafu akapita muuzaji wa dawa za lishe na chupa ya shilingi 85,000. Ndani ya boksi kuna karatasi inayosema dawa hiyo "inazuia vimeng'enya vya kifo na kufufua seli za ubongo". Mdogo wangu aliuza magunia mawili ya mbaazi akainunua.

Mimi nafundisha baiolojia sekondari. Karatasi ile iliniumiza kwa sababu nusu yake ni kweli. Vimeng'enya hivyo vipo, vinajulikana kwa majina, na vimo kwenye ubongo wa baba yangu na wako. Ila kutoka kwenye ukweli huo hadi kwenye ile chupa ni mbali sana, na mbali huko ndiko ninakotaka tutembee pamoja.

Vinaitwa kaspesi. Kimeng'enya, kwa waliosahau darasa, ni protini inayofanya kazi ya kikemia mwilini. Kile cha kwenye mate kinavunja wanga wa muhogo mdomoni mpaka ukiutafuna sana unasikia utamu. Kaspesi kazi yake ni kukata protini nyingine, na haikati ovyo. Chukulia protini ni uzi wa shanga wenye shanga za aina 20. Kaspesi inapapasa uzi mpaka ifike kwenye shanga moja iitwayo aspateti, ikate pembeni yake. Karibu kila seli ya mwili wako inayo mikasi hii muda huu unaposoma, ila iko ndani ya ala.

Mikasi ikichomolewa, seli inakufa kwa utaratibu. Inasinyaa, inakatakata DNA yake, inajigawa vifurushi, na seli za jirani zinavila vifurushi hivyo. Hakuna usaha wala uvimbe. Seli iliyoungua na moto haifi hivyo, hiyo inapasuka na kumwaga kila kilichomo. Mwaka 1972 wanapatholojia watatu, John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie, walikipa kifo hiki cha utaratibu jina la apoptosisi, kutoka neno la Kigiriki la majani kudondoka mtini. Mtu wa kusini haelezwi zaidi hapo. Miombo ya Nachingwea ikipukutisha majani kiangazi hakuna anayesema msitu umekufa.

Tena tunavihitaji. Mtoto akiwa tumboni, mkono unaanza kama kafi la mtumbwi. Vidole vinaachana kwa sababu seli zilizo katikati yao zinakufa kwa mpangilio. Kuna mnyoo mdogo wa milimita moja, Caenorhabditis elegans, ambaye katika kukua kwake zinazaliwa seli 1,090 na 131 zinakufa, zilezile kwa kila mnyoo. Waliozihesabu na kutafuta jeni zinazoamua kifo hicho, Sydney Brenner, Robert Horvitz na John Sulston, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Mwaka 1993 maabara ya Horvitz, mtafiti mkuu wa kazi hiyo akiwa Junying Yuan, ilionyesha kwamba jeni moja ya kuua ya mnyoo yule inafanana na ya kimeng'enya ambacho sisi binadamu tunacho. Huo ndio ukoo wa kaspesi.

Tatizo la ubongo ni kwamba ngozi ikipoteza seli inaota nyingine, utumbo vilevile. Seli ya neva ikifa, kwa sehemu kubwa ya ubongo pengo linabaki pengo. Baba amepoteza seli zinazotengeneza dopamini, kemikali ambayo ubongo unaitumia kuongoza mwendo wa mwili, ziko eneo dogo jeusi katikati ya ubongo, chini. Mpaka siku mkono unaanza kutetemeka, karibu nusu au zaidi ya seli hizo zinakuwa zimeshakwenda. Nikifikiria zile 86 zilizosomeka 36, najua kwamba wakati sisi tunahangaika na miwani, moto ulikuwa umeshafika kwenye paa.

Mtandao unasumbua, naendelea baadaye.

#2 Pwani_ya_Mikindani

Pole sana mkuu, na mpe mzee salamu. Nimeweka kambi hapa.

Swali la mtu asiyesoma sayansi. Kama huo mkasi ndio unaokata, na wazungu wameshaujua kwa jina tangu miaka ya tisini, kwa nini wasitengeneze kitu cha kuubana usifunguke? Nisaidie hapo maana hata mimi ningenunua hiyo chupa.

#3 Tabibu_Nachingwea

Mleta uzi, heshima kwako. Ulivyoeleza mkono unaotetemeka ukiwa umepumzika, mwandiko kusinyaa, mguu kuburuzwa na uso kukaza, tabibu yeyote akisikia hayo manne pamoja afikirie Parkinson, ugonjwa wa kufa kwa hizo seli za dopamini, kabla ya presha. Kutetemeka kwa kawaida kwa wazee kunakuja mtu akinyoosha mkono au akishika kitu. Huku kwa mzee wako ni kinyume.

Na msidhani ni kusini peke yetu tunaochelewa. Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walizunguka nyumba kwa nyumba katika watu wapatao 161,000. Walipata wagonjwa 33 wa Parkinson, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Walikuwa nyumbani tu, watu wanasema uzee.

Tafadhali usikawie kumpeleka hospitali ya rufaa. Kuna dawa ya levodopa, iko kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu. Haizuii seli kufa, hilo niliseme wazi. Inaupa ubongo malighafi ya kutengeneza dopamini kwa seli zilizobaki. Lakini mtu anayeshindwa kufunga vifungo vya shati anaweza kuvifunga tena, na kwa mzee hilo ni kubwa.

#4 Mwana_wa_Karani

Asante sana tabibu. Nitarudi kwenye levodopa.

Ndugu wa Mikindani, swali lako ndilo lililonikalisha macho wiki nzima. Nikijibu kwa haraka nitakuwa nakudanganya, kwa hiyo nianze na mkasi unavyotoka kwenye ala.

Ndani ya seli kuna mitokondria, ndipo chakula kinapogeuzwa nguvu. Ubongo una uzito wa kama asilimia 2 tu ya mwili lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nguvu zake, kwa hiyo seli za neva zina mitokondria chungu nzima. Humo kuna protini ndogo iitwayo saitokromu c. Siku zote ni mtumishi mwema, inasaidia kutengeneza nguvu. Mitokondria ikichoka au ikitobolewa, saitokromu c inavuja nje, na ikishavuja tu inakuwa ni taarifa ya msiba. Inaungana na protini nyingine, zinatengeneza kitu cha duara mfano wa gurudumu, na juu ya gurudumu hilo inaamshwa kaspesi ya 9. Ya 9 inaamsha ya 3. Ya 3 ndiyo mchinjaji, inakata mamia ya protini. Kuna njia nyingine inayoanzia nje ya seli kupitia kaspesi ya 8, nayo mwisho inafika kwa ya 3.

Sasa kilichonishangaza. Nilikuwa nikiamini, na nimewafundisha wanafunzi hivyo, kwamba mkasi ukichomoka seli haina zaidi ya siku moja. Kwenye seli nyingi ni kweli. Kwenye ubongo sivyo.

Mwaka 2010 watafiti wa Boston walifungua dirisha dogo la kioo kwenye fuvu la panya walio hai, panya wenye ugonjwa wa protini ya tau. Tau ni protini inayoshikilia nguzo ndani ya seli ya neva, na kwenye ugonjwa wa Alzheimer, ule unaofuta kumbukumbu, inajikunja na kutengeneza mafundo. Wakawa wanachungulia seli ileile siku baada ya siku. Waliona kaspesi inaamka kwanza, fundo la tau linafuata ndani ya kama siku moja, na seli haifi. Inabaki hai ikiwa na fundo. Yaani mkasi ulikata tau, kipande kilichokatwa kikawa na tabia ya kuganda na kuvuta wenzake, na seli ikaendelea kuishi ikiwa na jeraha ndani.

Kwa hiyo kwenye ubongo mkasi haungoji siku ya kifo. Unatoka nusu, unakata kidogo, unaacha vipande vyenye sumu, miaka inapita. Hapo ndipo nilipoanza kuuelewa mwandiko wa baba. Herufi hazikupotea, zilipungua.

Na kuna jingine. Seli ya neva yenye afya inautumia mkasi huohuo kwa kiasi, kupunguza miunganisho isiyotumika kati yake na jirani. Panya walioondolewa kaspesi ya 3, hata sehemu ya mchakato wa kudhoofisha miunganisho hiyo unakwama. Ukiubana mkasi moja kwa moja, umebana na kazi halali.

#5 Fundi_Tandahimba

Nondo zimeshuka. Lakini mkuu bado hujajibu. Wabane kidogo basi, au wabane ule mmoja tu unaohusika. Fundi mzuri haachi nyundo kwa sababu inaweza kuumiza kidole.

#6 Mwana_wa_Karani

Fundi, wamejaribu, na naomba usome hadi mwisho kwa sababu hapa ndipo ile chupa inapoanguka.

Kuna dawa ya zamani ya kuua bakteria, minosaiklini, ndugu yake tetrasaiklini. Iligunduliwa kwamba inapunguza saitokromu c kuvuja kwenye mitokondria. Mwaka 2002 wakawapa panya wenye ALS, ugonjwa unaoua seli za neva zinazoendesha misuli mpaka mgonjwa anashindwa kupumua. Panya waliishi muda mrefu zaidi. Dawa ni ya bei nafuu, inajulikana, ipo kwenye maduka. Wagonjwa walisikia habari hiyo na wengine wakaanza kuinywa wenyewe. Nani angewalaumu?

Jaribio la binadamu likafanyika Marekani kwa wagonjwa 412, nusu wakapewa minosaiklini na nusu vidonge visivyo na dawa ndani, bila wao wala daktari kujua nani kapata nini. Majibu yalitoka 2007. Waliokunywa minosaiklini walidhoofika kwa kasi zaidi, kwa asilimia 25. Haikushindwa kusaidia tu, iliwaharakisha. Niliposoma hapo niliinuka nikaenda kuitazama ile chupa kabatini.

Kwa Parkinson yenyewe walijaribu dawa iitwayo CEP-1347, inayozuia vimeng'enya vinavyosukuma seli kuelekea apoptosisi. Wagonjwa 806 wa mwanzo mwanzo. Jaribio lilisimamishwa, hakukuwa na faida.

Sasa wazo lako la kubana ule mmoja tu. Kuna ugonjwa wa Huntington, unarithiwa, mzazi akiwa nao kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu. Jeni yake ilipatikana 1993 kwenye kromosomu ya 4. Protini yake mbovu inakatwa vipande, na vipande ndivyo vyenye sumu zaidi. Mwaka 2006 watafiti wa Vancouver walibadilisha shanga moja tu kwenye uzi wa protini hiyo ili kaspesi ya 6 isipate pa kukata. Panya wakakingwa, ubongo wao haukuharibika! Dunia nzima ya watu wa Huntington ilifurahi. Baadaye wengine wakafanya jambo rahisi zaidi, wakamwondolea panya kaspesi ya 6 yote. Kipande kilekile kikaendelea kuonekana. Vimeng'enya vingine vilikuwa vinakata palepale.

Na ukibana kaspesi ya 8 mambo yanageuka kabisa. Kaspesi ya 8 yenyewe huwa imekizuia kimeng'enya kingine, RIPK1. Ukiiondoa ya 8, RIPK1 anakuwa huru na anaiua seli kwa njia ya pili, ile ya kupasuka na kumwaga vilivyomo, inayoitwa nekroptosisi. Ni kama kumzuia mchinjaji mlangoni ukasahau kwamba yeye ndiye aliyekuwa ameushika mlango wa nyuma. Dawa za kumzuia RIPK1 nazo zimeshajaribiwa kwa wagonjwa wa ALS, majibu yaliyotangazwa 2024 yakasema ugonjwa haukupungua kasi.

Fundi, seli inapofika mahali pa kuamsha mkasi huwa imeshaumizwa na kitu kingine muda mrefu. Kwa baba yangu ni protini iitwayo alfa-sainukleini iliyoganda ndani ya seli, na mitokondria zilizochakaa. Ukizuia kifo tu, unabaki na seli mgonjwa isiyokufa wala kufanya kazi. Ndiyo maana nasema yeyote anayekuuzia "kizuia vimeng'enya vya kifo" kwa 85,000, anakuuzia kitu ambacho maabara zenye fedha za nchi nzima hazijakipata. Hakipo.

#7 Fundi_Tandahimba

Nimekuelewa mkuu. Hilo la mlango wa nyuma limeniingia. Nina shangazi anatumia chupa kama hiyo, kesho naenda kwake.

#8 Mpuliziaji_Masasi

Wakuu, mimi napuliza mikorosho tangu 2004, mashamba yangu na ya watu. Salfa ya unga kwa ubwiriunga, dawa za maji kwa wadudu, na dawa ya majani. Nimesoma hapa nimeogopa. Mzee karani alikuwa anakaa ghalani na magunia. Ni hizi dawa?

#9 Mwana_wa_Karani

Kaka, swali zuri na la haki. Nikusimulie kisa. Mwaka 1982 huko California vijana kadhaa walijidunga heroini ya kutengeneza mtaani. Ndani ya siku chache wakakakamaa kama wazee wenye Parkinson ya miaka mingi, hawasemi wala hawasogei. Daktari William Langston akafuatilia mpaka akaikuta sumu, MPTP, iliyoingia kwa bahati mbaya wakati wa kutengeneza. Sumu hiyo ikifika kwenye ubongo inageuzwa, inaingia kwenye seli za dopamini na kuziba mitokondria zake. Tangu hapo watu wakaanza kuuliza ni kemikali gani nyingine zinazofanana nayo. Paraquat, dawa ya majani, ina umbo linalokaribiana. Rotenone, dawa ya wadudu, inaziba mitokondria mahali palepale. Zote mbili zimehusishwa na Parkinson kwa wakulima wanaozitumia.

Salfa haimo katika hizo mbili. Lakini soma kibandiko cha hiyo dawa yako ya majani leo hii, utafute neno paraquat. Na salfa nayo usiivute, mapafu na macho ni yako. Barakoa, glavu, usipulize ukiwa unakabili upepo, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za watoto.

#10 Mto_Ruvuma

Niko Nanyumbu. Nichomekee kidogo. Kijijini kwetu kuna mama na vijana wawili, miguu ilikakamaa kwa usiku mmoja, mwaka wa njaa. Mpaka leo wanatembea kwa ncha za vidole na fimbo. Hilo nalo ni hizi kaspesi?

#11 Tabibu_Nachingwea

Ndugu, ulichoeleza kinafanana na konzo. Ni ugonjwa tofauti na anaougua mzee, lakini unaumiza ubongo vilevile na wanaoupata ni sisi, kwa hiyo nauzungumza.

Muhogo mchungu una linamarini, ambayo ikivunjwa inatoa sianidi. Sianidi inaziba mitokondria kwenye hatua ya mwisho ya kutengeneza nguvu, palepale ambapo ile saitokromu c anayoisema mwalimu inafanyia kazi. Mwili unajikinga kwa kuigeuza, na kuigeuza unahitaji salfa inayotoka kwenye protini ya chakula, samaki, kunde, maharage. Mwaka wa ukame muhogo unakuwa na sumu zaidi, samaki na kunde hakuna, na kwa njaa watu wanafupisha siku za kuandaa makopa. Vitatu hivyo vikikutana miguu inakwenda. Mwaka 1981 jirani zetu wa Nampula, Msumbiji, zaidi ya watu 1,100 walipata hali hiyo. Tarime ilikuwa 1985. Mkoa wetu wa Mtwara nao umepitia mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Tofauti na Parkinson, konzo hauendelei. Unapiga mara moja na unabaki hapo ulipopiga. Watu hao wapelekwe mazoezi ya viungo, miguu haiwezi kurudi yote lakini inaweza kulegea.

Na kuna njia ya kinga ambayo kila nyumba inaiweza. Unga wa muhogo ukishasagwa, uweke kwenye bakuli, weka alama unga ulipofika, tia maji na kukoroga, unga utashuka, ongeza maji mpaka urudi kwenye alama. Utandaze kwenye mkeka, unene usizidi sentimita moja. Kivulini kwa muda wa saa tano, au juani kwa muda wa saa mbili. Sianidi inaondoka na hewa. Kisha pika ugali siku hiyohiyo. Njia hii ilitoka kwa Howard Bradbury wa Australia na ilizuia konzo kwenye vijiji vya Kongo.

#12 Mto_Ruvuma

Ahsante sana tabibu. Nimeinakili kwenye daftari, kesho nampelekea mwenyekiti wa kijiji aisome mkutanoni.

#13 Bi_Kilwa

Assalaam alaikum. Nimesoma uzi wote nikilia. Mama yangu ana miaka 78, yupo Kilwa Masoko. Ananiita jina la dada yake aliyekwishafariki. Jana alitoka alfajiri akasema anakwenda kumsubiri baba bandarini, na baba ametangulia mbele ya haki mwaka wa tisa sasa. Je, huu ndio huo wa mafundo? Na kuna la kufanya?

#14 Mwana_wa_Karani

Waalaikum salaam dada yangu. Pole sana. Mimi siwezi kumpima mama kutoka huku, ila nikueleze ninachokijua.

Alzheimer inaitwa kwa jina la daktari wa Ujerumani, Alois Alzheimer, aliyeeleza mwaka 1906 ubongo wa mgonjwa wake, mama aitwaye Auguste Deter. Alikuta vitu viwili, madoa nje ya seli na mafundo ndani ya seli. Madoa ni protini ya amiloidi, mafundo ni ile tau. Kaspesi zinagusa pande zote mbili, zinakata tau, na zinaweza kukata hata protini mama ambayo amiloidi inatoka. Kumbukumbu za karibuni zinakwenda kwanza kwa sababu eneo la ubongo linalozihifadhi linaumia mapema. Za zamani zinabaki muda mrefu. Kwa hiyo mama anapokwenda bandarini hakudanganyi wala hajafanya ukaidi. Yupo kwenye mwaka ambao baba alikuwa hai.

Dawa mpya ipo, lecanemab, ilipata kibali kamili Marekani 2023. Inaondoa amiloidi. Kwa miezi 18 ilipunguza kasi ya kudhoofika kwa kama asilimia 27, kwa wagonjwa wa mwanzo tu, kwa dripu, na picha za ubongo za mara kwa mara kwa sababu inaweza kusababisha damu kuvuja kichwani. Nakutajia usije ukauziwa kwa jina hilo.

#15 Tabibu_Nachingwea

Dada, kabla ya kuamini ni Alzheimer, mama apimwe vitu vinavyotibika. Tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, kaswende, VVU, sukari, msongo, na dawa zote anazomeza zipelekwe kwa daktari kwenye mfuko mmoja. Nimeona mzee aliyekuwa haijui nyumba yake akarudi kuijua baada ya tezi kutibiwa. Si wengi, lakini akiwa ni mama yako unapima.

Akikuita jina la dada yake, itika. Na mlango uwekwe komeo la juu.

#16 Bi_Kilwa

Nitaitika. Nilikuwa nambishia kila siku na tunalia wote wawili. Allah awalipe.

#17 Pwani_ya_Mikindani

Kuna mzee huku anasema Parkinson inatibiwa kwa upupu. Ni kweli au ndiyo chupa nyingine?

#18 Mwana_wa_Karani

Hili lina ukweli zaidi ya ile chupa, ndiyo maana ni la hatari kwa namna yake. Mbegu za upupu zina levodopa halisi, ileile ya kidonge. Tatizo ni kipimo. Mbegu za shamba hili na za shamba lile hazina kiasi sawa, na kidonge cha hospitali kina dawa ya pili, carbidopa, inayoilinda levodopa isiishie tumboni na kwenye damu kabla ya kufika kwenye ubongo. Mzee akila mbegu kwa kukadiria, leo atapata kidogo, kesho atatapika na presha kushuka mpaka aanguke. Na akichanganya na kidonge ni mbaya zaidi.

Halafu kuna jambo nililolipenda mno. Ule muwasho wa upupu unatokana na kimeng'enya kilichomo kwenye vinyweleo vyake, mukunaini, nacho ni mkasi wa protini. Kinakata kwa kutumia shanga yake iitwayo sisteini, kama kaspesi zinavyofanya. Nimewaambia wanafunzi wangu, nyinyi mmeshawahi kukatwa na mkasi unaokata kama kaspesi mkiwa mnachunga mbuzi. Darasa zima likajikuna.

#19 Tabibu_Nachingwea

Sahihi kabisa. Mwalimu, mzee amefika hospitali?

#20 Mwana_wa_Karani

Amefika, Jumanne iliyopita. Daktari alimwambia agongeshe kidole gumba na cha shahada haraka haraka, akamtembeza ukumbini na kurudi, akamgeuza ghafla, akampa karatasi aandike. Hakuhitaji mashine. Wameanza na kipimo kidogo cha levodopa, tutapandisha polepole, na tumeambiwa isikatishwe ghafla hata siku moja.

Njiani kurudi baba aliniuliza swali moja tu, kama zile zilizokufa zitaota. Nilimwambia hapana baba, hazitaota, dawa inazisaidia zilizobaki. Akanyamaza mpaka tulipofika kwenye kona za kupanda uwandani. Kisha akasema, kwa hiyo si kilo za watu. Nikamwambia si kilo za watu. Akasema hilo nilitangaze, na ndiyo sababu ya pili ya uzi huu.

Ile chupa niliimwaga, mdogo wangu akiangalia. Hatukugombana.

#21 Fundi_Tandahimba

Mungu ampe nguvu mzee wetu. Shangazi amekubali kuacha ile ya kwake. Dawa ya mzee anainywa na chakula? Shangazi ana kidonda cha tumbo naogopa.

#22 Mwana_wa_Karani

Kwa shangazi ni lazima daktari wake aseme, kidonda cha tumbo anakitaja yeye mwenyewe asisubiri kuulizwa. Kwa baba tumeambiwa anywe kama nusu saa au zaidi kabla ya kula, kwa sababu protini ya chakula na levodopa zinagombania mlango mmoja utumboni. Kwa hiyo samaki na kunde tumezihamishia jioni. Asubuhi saa kumi na mbili anameza, anakaa barazani, mimi napika uji. Leo wakati uji unachemka aliomba lile daftari la zamani la mizani na kalamu. Nimempa, bado anaandika.